Jicho na nuru: maswali ninayoulizwa kwenye kiti cha kupimia macho

Wateja huniita daktari. Mimi ni mpimaji wa macho tu: kazi yangu ni kutafuta miale ya nuru inakutania wapi ndani ya jicho, kisha kuisogeza kwa kipande cha kioo. Maswali ya hapa chini ndiyo yanayorudi wiki hadi wiki, na nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo, kwa hiyo mengine yamekuwa marefu na mengine ni ya maneno mawili matatu.

Jicho linafanya nini hasa na nuru?

Chukua nukta moja tu ya kitu unachokitazama, tuseme ncha ya jani la mwembe. Nuru inayotoka pale haiji kwako kama uzi mmoja. Hutawanyika kila upande, na fungu dogo la miale yake, lililotanuka kama faneli, ndilo linaloingia kwenye mboni. Jicho likiiacha miale hiyo iendelee kutanuka, itaangukia nyuma kama doa pana, na madoa ya ncha za majani yote yatapandana. Utaona ukijani, jani hutaliona.

Basi jicho huipinda miale iliyotoka nukta moja ikakutane tena kwenye nukta moja, juu ya retina, ule utando wa neva uliotandazwa kwenye ukuta wa nyuma. Nukta kwa nukta mpaka jani lote limechorwa. Mahali miale inapokutana ndipo wanafizikia wanapopaita fokasi.

Kwa mtu mzima, ukuta huo uko takriban milimita 24 kutoka mbele ya jicho. Kwa hiyo mimi nina mambo mawili tu ya kuuliza: miale inapindwa kiasi gani, na ukuta uko umbali gani. Watu wengi wanaokaa kwenye kiti changu wana macho mazima kabisa, ila hayo mawili hayapatani.

Si lenzi ndiyo inayopinda nuru? Ndivyo tulivyochorewa shuleni.

Tulichorewa hivyo, na mchoro ule umewapotosha wengi. Kazi kubwa inafanywa na konea, kile kifuniko angavu kilichobinuka mbele ya mboni kama kioo cha saa ya mkononi. Hukioni kwa sababu ni angavu mno. Mtazame mtu kwa ubavuni utakiona kimejitokeza. Nguvu yote ya jicho lililotulia ni kama diopta 60 (diopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda nuru, nitakieleza chini), na kati ya hizo konea peke yake ina karibu 43. Theluthi mbili na ushei.

Sababu yake ni kwamba nuru hupinda inapovuka kutoka kitu kimoja kuingia kingine, na tofauti ya vitu hivyo ndiyo inayoamua ipinde sana au kidogo. Kila kitu angavu kina kipimo chake cha kupinda nuru: hewa ina 1.00, konea ina 1.376. Hapo kuna mruko mkubwa. Lenzi imezama ndani ya majimaji yenye kipimo cha 1.336, nayo yenyewe ina karibu 1.4, kwa hiyo nuru inapofika pale haina mruko mkubwa tena.

Ukitaka ushahidi, fumbua macho ndani ya bahari. Maji yana 1.33, karibu sawa na konea. Mruko umefutika, konea imekuwa kama haipo, na kila kitu kimegeuka ukungu. Miwani ya kuzamia anayovaa mvuvi wa pweza haina nguvu yoyote ya lenzi. Inachofanya ni kurudisha kijihewa mbele ya jicho, na konea inaanza kazi upya.

Samaki je? Mara nyingine ukila kichwa cha samaki, toa ile gololi nyeupe ngumu iliyo ndani ya jicho. Hiyo ndiyo lenzi yake, imeiva ikawa nyeupe kama ute wa yai. Ni ya mviringo kamili kwa sababu konea ya samaki haimsaidii kitu majini, kwa hiyo lenzi inabeba mzigo wote. Yetu ni bapa kama dengu kwa kuwa imepata msaidizi.

Kuna watoto wa jamii ya Moken, watu wa bahari wa visiwa vya upande wa Thailand na Myanmar, ambao huokota chakula chini ya maji bila miwani. Mtafiti wa Sweden, Anna Gislén, aliwapima na mwaka 2003 akachapisha kwamba walitofautisha vitu vidogo chini ya maji mara mbili zaidi ya watoto wa Ulaya. Hawakuwa na jicho la ajabu. Walikuwa wanabana mboni mpaka mwisho na kuisukuma lenzi mpaka mwisho. Baadaye watoto wa Ulaya wakafundishwa, nao wakaweza.

Kama konea ndiyo yenye nguvu, lenzi ina faida gani?

Konea haibadiliki. Imewekwa ilivyo, na ingekuwa peke yake ungeona umbali mmoja tu maisha yako yote. Lenzi ndiyo inayorekebisha, ikikuhamisha kutoka mwembe ulioko kiwanjani hadi kitabu kilichoko mkononi kwa muda usiofika sekunde moja.

Namna inavyofanya ni kinyume na watu wanavyodhani. Lenzi imening'inizwa kwa nyuzi nyembamba pande zote, na nyuzi hizo zimeshikiliwa na msuli wa duara. Fikiria mpira laini uliofungwa kamba kuzunguka pande zote, na kamba zote zimefungwa kwenye pete. Pete ikiwa pana, kamba zinakaza na mpira unavutwa mpaka unakuwa bapa: hapo unaona mbali. Pete ikijibana ikawa ndogo, kamba zinalegea, na mpira unarudia unene wake wa asili: hapo unaona karibu. Kwa hiyo msuli unafanya kazi unapotazama karibu, na kutazama mbali ndiyo mapumziko yake. Mhasibu aliyeshinda kwenye vitabu vya hesabu akitoka jioni akasema macho yamechoka, hasemi uongo.

Thomas Young wa Uingereza, mwaka 1801, alitaka kujua kama ni konea inayobadilika. Akaliweka jicho lake ndani ya maji, konea ikapoteza nguvu, na bado akaweza kuhama kutoka mbali kuja karibu. Konea ikaachiliwa huru. Mwaka 1855 Hermann von Helmholtz, Mjerumani, akaeleza huu mpango wa nyuzi kulegea, na ndio tunaoufuata mpaka leo.

Unaweza kuuhisi sasa hivi. Weka kidole kama sentimita 20 mbele ya uso, tazama ukuta ulioko nyuma yake, kisha tazama kidole. Huwezi kuvipata vyote viwili vikiwa vikali kwa pamoja. Ukitazama kidole, mambo matatu yanatokea kwa mkupuo mmoja: lenzi inanenepa, mboni inajibana, na macho yote mawili yanageukia puani.

Hizi diopta ni nini? Kwenye karatasi yangu imeandikwa +2.00.

Diopta ni 1 gawanya kwa umbali wa fokasi kwa mita. Lenzi ya +1 hukusanya miale ya jua kwenye umbali wa mita 1, ya +2 kwenye nusu mita, ya +4 kwenye sentimita 25. Mfaransa Ferdinand Monoyer ndiye aliyependekeza kipimo hiki mwaka 1872, na kimetuokoa na hesabu nyingi, maana diopta hujumlishwa tu kama shilingi.

Kama una miwani ya kusomea nyumbani, itoe nje penye jua, ishikilie karibu na sakafu na uipandishe taratibu mpaka kile kitone cha mwanga kiwe kidogo kabisa. Pima umbali kwa rula. Ukipata sentimita 50, umenunua +2 kweli. Usikodolee macho kile kitone.

Alama ya kujumlisha maana yake lenzi inakusanya. Ni nene katikati. Alama ya kutoa maana yake inatawanya; ni nene pembeni. OD ni jicho la kulia na OS la kushoto, kwa Kilatini. Na ukiona namba ya pili ikifuatwa na nyingine iliyo kati ya 1 na 180, hiyo ni habari ya astigmatizimu, ipo chini.

Nina miaka arobaini na tatu. Kwa nini ghafla siwezi kusoma ujumbe wa simu?

Hili ndilo swali nambari moja, ingawa haliji hivyo. Linakuja hivi. Bibi mmoja aliketi, tukasalimiana, akaweka msahafu mapajani. "Mwanangu, macho yangu mazima kabisa. Ila hawa wachapaji wa siku hizi wanaweka herufi ndogo." Nikaufungua msahafu. Ulikuwa umechapwa kabla sijazaliwa.

Fundi cherehani yeye huja baada ya miaka miwili ya kumwita kijana wa jirani amtungie uzi kwenye sindano. Mama lishe huja baada ya mteja kung'ata kijiwe ndani ya wali. Wengine husema mikono imekuwa mifupi, na hao ndio walio karibu zaidi na ukweli.

Kilichotokea ni hiki. Lenzi haiachi kukua. Kila mwaka inaongeza tabaka jipya juu ya la zamani, kama kitunguu, na hakuna seli inayotupwa nje. Tabaka za ndani zinabanwa na kuwa ngumu. Msuli bado unajibana vizuri, nyuzi bado zinalegea, lakini lenzi yenyewe haina tena ule ulaini wa kurudia unene. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuongeza takriban diopta 14 juu ya nguvu ya kawaida. Anaona mchwa kwa sentimita saba kutoka puani. Kufikia miaka 40 zimebaki kama 4 au 5. Kufikia 60 imebaki 1 au pungufu. Kusoma kitabu kilichoko sentimita 33 kunahitaji diopta 3, na huwezi kutumia akiba yote muda wote bila kuchoka. Ndiyo maana kati ya miaka 40 na 45 hesabu inagoma, kwa tajiri na maskini, aliyesoma na asiyesoma.

Si kwamba ilikuja ghafla. Akiba ilikuwa inapungua tangu utotoni, ila hukuwa unaihitaji.

Mazoezi ya macho hayailainishi lenzi iliyokwisha kuwa ngumu. Nimeona video nyingi za kuzungusha macho asubuhi, na sina ugomvi na mtu anayezungusha macho, lakini asiache kununua miwani kwa ajili hiyo.

Nikianza miwani ya kusomea si nitazidi kuharibika? Jirani yangu alianza na +1, sasa yuko +2.50.

Jirani yako angefika huko hata bila miwani. Lenzi yake iliendelea kuwa ngumu kwa sababu ya miaka, na miwani ikaifuata nyuma. Anayekataa miwani kwa miaka kumi hapati thawabu yoyote ndani ya jicho. Anapoteza kazi tu.

Na kazi hupotea kweli. Huko Assam, India, watafiti waliwapima wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi. Nusu wakapewa miwani ya kusomea mwanzoni, nusu wakasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kwa waliopewa miwani, majani waliyochuma kwa siku yaliongezeka kwa asilimia 21.7 zaidi ya yale ya wenzao. Hakuna mbolea hapo, ni vioo viwili.

Ile miwani ya tayari inayouzwa kando ya barabara inafaa, endapo macho yako mawili ni sawa na yanaona mbali vizuri. Vioo vyake ni vya nguvu moja kwa kulia na kushoto, kwa hiyo kama jicho moja limempita mwenzake, utaumwa kichwa ukimlaumu muuzaji.

Jambo moja la kuangalia. Wakati mwingine mzee aliyevaa miwani ya kusomea miaka ishirini anaamka anasoma bila miwani, na nyumba nzima inashangilia kwamba ile dawa ya mizizi imefanya kazi. Mara nyingi hiyo ni dalili ya mtoto wa jicho anayeanza katikati ya lenzi. Kiini kimekuwa kizito zaidi, nguvu ya kupinda imepanda, na fokasi imesogea karibu. Mlete apimwe.

Ni kweli picha ndani ya jicho iko kichwa chini?

Kweli, na kulia kumekuwa kushoto pia.

Umewahi kukaa kwenye nyumba ya bati lenye tundu la msumari? Mchana pale sakafuni huwa pana kiduara cha mwanga. Watu hudhani ni duara kwa sababu tundu ni duara. Hapana, lile tundu mara nyingi limepinda vibaya. Kile kiduara ni picha ya jua. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete na watu wakakusanyika Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, kila tundu la namna hiyo na kila upenyo wa majani mtini ulikuwa unaangusha chini kipete cha mwanga. Mwale wa juu unapita tunduni na kuteremka chini, wa chini unapanda juu. Mboni ni tundu hilohilo, na konea na lenzi zinaongeza ukali wa picha bila kuigeuza tena.

Jambo hili liliwasumbua wakubwa. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyezaliwa karibu mwaka 965 na kufia Cairo karibu 1040, ndiye aliyeonyesha kwa hoja nzito kwamba tunaona kwa sababu nuru inaingia machoni, wala jicho halitoi miale kama tochi. Alifanya majaribio mengi ya vyumba vya giza na matundu. Lakini ilipofika picha ndani ya jicho, akatafuta njia ya kuifanya isimame wima, kwa kuchagua miale inayoingia moja kwa moja tu. Ikabidi kusubiri karibu miaka 600. Mwaka 1604 Johannes Kepler akaandika wazi kwamba picha inaangukia kwenye retina na imegeuka, na kwamba namna akili inavyoipokea si kazi ya mwanafizikia. Muda si mrefu, Christoph Scheiner akakwangua ukuta wa nyuma wa jicho la ng'ombe na kuitazama picha hiyo kwa macho yake: ndogo, kali, kichwa chini.

Kwa nini basi hatuoni dunia imepinduka? Kwa sababu hakuna mtu mwingine ndani anayeitazama ile picha kama televisheni. Ubongo unapokea ishara za neva na kuzifunga na mikono, miguu na uzito wa mwili: upande huu wa retina maana yake ni kule miguu iliko. Katika miaka ya 1890 Mmarekani George Stratton alivaa lenzi za kupindua kila kitu, na baada ya siku kadhaa akawa anatembea na kushika vitu bila kubabaika sana.

Mwanangu haoni ubaoni lakini anasoma kitabu vizuri. Anajifanya?

Hajifanyi. Jicho lake ni refu kidogo kuliko nguvu yake ya kupinda. Miale ya ubaoni inakutana mapema, kabla ya ukuta, na ikifika ukutani imeshaachana tena. Milimita 1 ya ziada inatosha kuleta kama diopta 2.5 hadi 3 za kutoona mbali. Kitabu kilichoko karibu hutuma miale iliyotanuka zaidi, fokasi yake inarudi nyuma, na inaangukia retina sawasawa. Tunampa lenzi ya kutoa ili itawanye kidogo miale ya mbali kabla haijaingia.

Watoto hawa hawalalamiki. Hawajawahi kuona namna nyingine, kwa hiyo wanaamini kila mtu anaona mti kama wingu la kijani. Wanajisogeza dawati la mbele, au wananakili kwa mwenzao na kuitwa wavivu. Siku ya kwanza ya miwani wengi hutazama juu na kuuliza kuhusu majani.

Upande wa pili kuna jicho fupi, ambalo fokasi yake iko nyuma ya ukuta. Mtoto wa namna hii ni mgumu kumgundua, kwa sababu lenzi yake laini inafidia muda wote na chati anaisoma vizuri. Analalamika kichwa. Na kwa kuwa kunenepesha lenzi kunaenda pamoja na kugeuza macho puani, baadhi yao hupata makengeza ya ndani. Kwao makengeza si laana, na miwani ya kujumlisha peke yake mara nyingi huyanyoosha. Usisubiri akue.

Simu itamharibu macho?

Mwanga wa simu hauunguzi jicho. Kinachohusu ni umbali wa karibu kwa saa nyingi, na zaidi ya hapo kukaa ndani. Jicho la mtoto bado linarefuka, na mwanga mkali wa nje unaonekana kulizuia lisipitilize. Huko Guangzhou, China, shule kadhaa ziliongezewa dakika 40 za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 kwenye shule nyingine. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Kwa hiyo mimi sipigani na simu sana. Nawaambia wazazi wamtoe mtoto nje akacheze, jambo ambalo mama zetu walitulazimisha bure bila utafiti.

Ukavu wa macho wakati wa simu ni hadithi nyingine: ukikodolea kioo unasahau kupepesa. Machozi ndiyo tabaka la kwanza kabisa nuru inalokutana nalo, na yakikauka, konea inakuwa kama kioo cha gari chenye vumbi.

Astigmatizimu ni ugonjwa?

Hapana, ni umbo. Konea inayotakiwa kubinuka sawa pande zote, kama kipande cha mpira wa miguu, imebinuka zaidi upande mmoja, kama mgongo wa kijiko. Miale ya wima inakutana mahali pamoja na ya ulalo mahali pengine, na taa za usiku zinaota mikia. Watu wengi wanayo kidogo bila kujua. Zile namba za 1 hadi 180 zinatueleza kijiko kimelala pembe gani.

Mbona unaniuliza herufi zipi kali zaidi, za nyekundu au za kijani?

Kwa sababu jicho halipindi rangi zote sawa. Kijani kinakutana mbele kidogo, nyekundu nyuma kidogo. Ukisema nyekundu ndiyo kali, najua fokasi yako imekaa mbele ya ukuta na nahitaji kuisogeza nyuma. Ukisema zinalingana, nimefika. Hakuna jibu la kunifurahisha, kwa hiyo usikisie.

Mtoto wa jicho akitolewa, jicho linakusanyaje nuru?

Mtoto wa jicho si ngozi inayoota juu; ni lenzi yenyewe iliyopoteza uangavu. Zamani ilitolewa na mgonjwa akabaki na miwani minene kama kitako cha chupa, ya diopta kumi na zaidi, kufidia pengo. Siku hizi huwekwa lenzi ya plastiki mahali pa ile ya asili. Aliyeanza ni Harold Ridley, London, mwaka 1949. Wakati wa vita aliona vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vimebaki ndani ya macho ya marubani bila jicho kuvikataa, akapata wazo.

Lenzi ya kawaida ya namna hii hainenepi. Daktari huchagua nguvu yake kwa kupima urefu wa jicho na mbinuko wa konea, na mara nyingi huilenga mbali. Kwa hiyo baada ya upasuaji uliofaulu kabisa bado utahitaji miwani ya kusomea, na hilo si kosa la daktari.

Karoti zinasaidia?

Vitamini A inahitajika sana na retina na konea, na mtoto anayeikosa anaweza kupofuka. Lakini karoti haifupishi jicho refu wala hailainishi lenzi. Mchicha nao una vitamini hiyo, na ni rahisi zaidi.

Kwa nini nikifinya macho naona vizuri? Na miwani ikivunjika safarini nifanyeje?

Maswali mawili, jibu moja. Miale inayoingia pembeni ya mboni ndiyo inayopotoka zaidi. Ile ya katikati karibu inapita moja kwa moja. Mboni hutanuka na kujibana kati ya milimita 2 na 8 hivi. Juani ikiwa ndogo, madoa yanakuwa madogo, na mtu anayehitaji miwani kidogo anaona karibu kama kawaida. Jioni inapotanuka, mtu huyohuyo anagonga kigoda. Kufinya macho ni kuifanya mboni iwe ndogo kwa kutumia kope.

Kwa hiyo ukiwa njiani na miwani imepasuka, chukua kipande cha karatasi ngumu, kitoboe kwa sindano, kisogeze karibu kabisa na jicho na usome bango la basi kupitia tundu hilo. Kutakuwa na giza kidogo, lakini herufi zitasimama. Usiendeshe gari hivyo.

Karatasi hiyo ina faida ya pili, na mimi huitumia kila siku. Ukungu ukipungua kupitia tundu, tatizo ni la kukusanya nuru na miwani italiweza. Ukungu ukibaki vilevile, tatizo liko kwingine: lenzi imechafuka, au retina, au neva. Hapo usinunue miwani ya mtu yeyote, hata yangu. Nenda kliniki ya macho. Na ukiona mimweko na vitone vyeusi vimemwagika ghafla, au pazia limeshuka upande mmoja wa jicho, au mboni ya mtoto inang'aa nyeupe kwenye picha, nenda leo hiihii.